Mwalimu Castory Magembe, Aliyerusha Mpira Wenzake Wakapumzika

Viongozi wa dini, majirani, walimu na wanamichezo, poleni kwa safari na kwa jua hili. Familia imeona afadhali maisha ya mpendwa wetu yasomwe kama yalivyokuwa, bila kupakwa rangi, maana wanamichezo wameomba mwili wake upitishwe kwanza uwanjani Dar es Salaam, na mjane, Mama Aneth, angependa msikie historia hii kabla ya kusikia jibu lake.

Marehemu Castory Ngolo Magembe alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971 huko Chole, Kisarawe, mtoto wa tatu wa Mzee Ngolo Magembe, aliyehamia Pwani na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, na Mama Juliana. Alisoma shule ya msingi Chole, 1979 hadi 1985, kisha sekondari hapa Kibaha, 1986 hadi 1989, ambako mwalimu wa hesabu kutoka Uingereza alimfundisha kriketi, akamwonyesha namna ya kuusokota mpira kwa vidole ili ukidunda upinde na kumpita mpigaji, kazi isiyotaka nguvu bali subira, na subira Castory alizaliwa nayo.

Baada ya chuo cha ualimu Morogoro aliajiriwa Kibaha tarehe 1 Julai 1993, na mwaka 1995 akaitwa timu ya taifa, aliyoitumikia hadi 2008. Sifa zake zilivuma Machi 2003 kule Nairobi, siku aliporusha kutoka upande mmoja wa uwanja tangu asubuhi hadi alasiri, wapigaji saba wakatolewa kwa mkono wake, magazeti yakamwita fundi, huku warushaji wa kasi wamekaa kivulini wanakunywa soda. Ndivyo ilivyokuwa miaka yote, jua likikaza nahodha wake, Bwana Husseini, alimtupia mpira na kumwambia, "Mwalimu, ova moja tu," na ova hiyo, ambayo ni mipira sita, ilizaa nyingine na nyingine, punda afe mzigo ufike, kwa kuwa marehemu hakujua kumkatalia mtu.

Alifunga ndoa na Stellamaris hapa Kibaha tarehe 7 Desemba 1996, na kesho yake bwana harusi akapanda basi kwenda kwenye mechi, bibi harusi akabaki anaosha masufuria na mashangazi. Walijaliwa Aneth, 1998, Evance, 2001, na Tito, 2006. Mama Aneth ndiye aliyekikanda kwa maji ya chumvi kidole kilichochanika kwa kuusokota mpira, ndiye aliyemsihi aache, na ndiye ambaye hakuambiwa kwamba kila mechi mumewe alimeza vidonge vya maumivu, vya kujinunulia duka la dawa, miaka nenda miaka rudi.

Juni 2021 figo zilishindwa kazi, madaktari wakaeleza kuwa vidonge vile vimechangia, na siku hiyo Mama Aneth alilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Hata alipokuwa akisafishwa damu simu ziliendelea kuita, vijana wanahitaji mafunzo, naye akaenda, akakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya uwanja, akarudi hawezi kufungua vifungo vya shati lake. Wiki ya mwisho alimwambia mkewe kwamba amechoka, jambo ambalo katika ndoa yao yote mama huyu hakuwahi kulisikia kinywani mwake. Alifariki dunia hospitalini, Dar es Salaam, tarehe 3 Februari 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kulala nasi msibani, walimu wenzake, na nyinyi wachezaji, ambao ombi lenu tunajua limetoka kwenye upendo. Mama Aneth amekataa. Gari litatoka hapa moja kwa moja hadi Chole kwa maziko, anayempenda atusindikize huko, na asiyeridhika amlaumu yeye mjane, amekubali kubeba lawama hiyo.

Mwalimu, lala, baba, leo yupo wa kukukatalia watu.