Wasifu wa Mzee Otto

Kwenye bajaji ya kwenda Bombambili, Bibi Walburga alipakata mpini mpya wa jembe, akimsimulia mwalimu kijana aliyekaa naye habari za mazishi ya mumewe. Wasifu wa marehemu uliosomwa pale, mjukuu hakuutunga mwenyewe; aliiagiza akili mnemba ya simu imwandikie.

"Ulikuwa mzuri, bibi?"

"Mno. Eti mcheshi, mpenda watu. Otto wangu alikuwa mkali kama pilipili, na kila mwaka kabla ya mvua alinichongea mpini bila kusema neno. Hilo halikusomwa."

"Simu ingelijuaje? Mngeiambia."

"Nani aliniuliza?"

Mwalimu, ambaye maandalio yake ya somo nayo huandikwa na simu, akatazama nje. "Lakini watu walilia?"

"Wote. Hata mimi nililia, na mpaka leo sijui nilimlilia nani."

Bajaji ikasimama. Bibi akashuka na mpini wake wa kununua, wa kwanza tangu aolewe.