Elinaja Mnzava, Aliyetaka Mahali Paitwe Jina la Baba Yake

Mpendwa wetu Elinaja Samweli Mnzava alizaliwa tarehe 14 Machi 1950 katika kijiji cha Vudee, wilaya ya Same, mtoto wa kwanza wa Mzee Samweli Mnzava na Mama Philister. Mimi ninayesoma, Eliakim, ni kitinda mimba wao. Najua kwenye misiba marehemu huwa hana doa. Lakini msema kweli ni mpenzi wa Mungu: kaka yangu alikuwa mcha Mungu, mkarimu, na mwenye wivu. Hakumwonea mtu wivu kwa mali wala kwa cheo. Aliwaonea wivu watu ambao mahali pameitwa kwa majina yao.

Chanzo chake ni hiki. Mwaka 1958 barabara ya kupanda milimani ilipopanuliwa, baba alitoa kipande cha shamba lake la kahawa ili basi lipate pa kusimama na kugeuzia. Hakudai kitu. Mwaka uliofuata jirani yetu akafungua duka kando ya kituo hicho, na kabla ya mvua za vuli watu wote walikuwa wanasema, "Nishushe Kwa Mmbaga." Ndivyo kinavyoitwa mpaka leo. Ukoo wa Mmbaga mnisamehe, naona baadhi yenu mmekuja kutuzikia. Baba hakulalamika hata mara moja. Elinaja alilalamika kwa niaba yake miaka hamsini.

Alisoma shule ya msingi palepale Vudee, kisha sekondari ya Old Moshi. Akirudi likizo alikataa katakata kulitaja jina la kituo. Siku moja alimwambia kondakta, "Nishushe pale baada ya daraja." Kondakta akamuuliza, "Kwa Mmbaga?" Akajibu, "Hapana, kwenye shamba la Mzee Mnzava." Kondakta hakupajua mahali hapo. Basi likampitiliza hadi kijiji cha juu, akateremka kwa miguu na sanduku la bati kichwani. Mama alimpokea akamwambia, "Mwanangu, hilo jina litakuua kwa njaa." Alikula, lakini hakulitaja.

Mwaka 1975 alihitimu historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafundisha vyuo vya ualimu. Tarehe 16 Desemba 1978 alifunga ndoa takatifu na Christina, na shemeji yangu ni shahidi kwamba hata siku ya harusi bwana harusi alinuna, kwa sababu kadi za mwaliko ziliandikwa, "Wageni wateremke Kwa Mmbaga."

Mwaka 1984 alipata ufadhili wa kwenda kusoma Australia, na utafiti wake akaufanyia mbali na miji mikubwa, katika mji mdogo wa wafugaji wa kondoo uitwao Tremlow. Huko ndiko wivu ulikopata digrii ya pili. Mji ni Tremlow, mto ni Tremlow, daraja, shule na hoteli, vyote Tremlow, kwa jina la Mwingereza aliyeleta kondoo wa kwanza. Lakini Elinaja aligundua kwamba akina Tremlow walikuwa wa aina mbili. Wapo wajukuu wa yule Mwingereza. Na wapo wenyeji wa asili, wenye nchi yao tangu enzi, ambao babu zao walimfanyia kazi akawaandikisha kwa jina lake. Wote waliitwa Tremlow, ila bango lilisimama kwa ajili ya upande mmoja tu. Aliandika tasnifu yake juu ya jambo hilo.

Katika utafiti wake alimhoji mama mmoja wa wale wenyeji, Susan Tremlow, aliyekuwa karani wa zahanati. Elinaja alimuuliza kama haumii kuona bango lile kila asubuhi. Susan akamjibu, "Bango ni lao. Sisi pale ng'ambo ya daraja tunapaita kwa Nell. Nell ni bibi yangu. Hakuna bango, na hakuna anayepotea."

Nilitegemea kaka arudi akiwaonea wivu wale wenye mto. Alirudi akimwonea wivu Susan.

Alifika hapa Minnesota, Marekani, mwaka 1991 kwa masomo ya udaktari, na baadaye akafundisha historia katika chuo kimoja hapa mjini hadi 2007. Mwaka 1997 yeye na Christina walinunua nyumba Champlin, karibu na mto Mississippi. Nyumba yenyewe mnaijua, ya kawaida tu. Kila Mtanzania aliyetua hapa na sanduku moja alilala chini kwenye besmenti yao. Kwaya ilifanyia mazoezi sebuleni, na Hemed na Waislamu wenzake wakafuturu meza ileile. Christina alipika, Elinaja akaenda kuwapokea watu uwanja wa ndege.

Sasa niuseme na wivu wangu, maana hatukurithi pua tu kwa baba. Mwaka 2001 nilinunua nyumba Maple Grove, kubwa, yenye gereji ya magari matatu. Mimi pia ni Mnzava, baba mmoja, mama mmoja. Siku ya kuizindua nilimsikia Hemed akimwelekeza mtu kwa simu: "Sherehe siyo kwa Mnzava, ni kwa mdogo wake Mnzava." Iliniuma, na bado inaniuma. Nilipomlalamikia kaka alicheka, akasema kwake si mahali, ni nyumba tu yenye watu wengi. Hakuamini kwamba jina limeshashika. Alikuwa bado anasubiri mahali.

Oktoba 2008 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya ini. Alitibiwa kwa upendo mkubwa hapa Minneapolis. Tangu mwanzo aliagiza azikwe Vudee, ubavuni mwa baba, na mimi nilikwisha kuanza kupanga safari ya mwili.

Siku moja ya Machi, muuguzi wa wodi nyingine, dada wa Kikenya aitwaye Kemunto, alisikia Kiswahili chumbani akaingia kutusalimia. Hakuwa amewahi kutuona. Akamuuliza mgonjwa, "Mzee, mnaishi side gani?" Kaka akamjibu, "Champlin, karibu na mto."

"Aa, si hiyo ni hapo karibu na kwa Mnzava? Mimi hu-drive hapo kila asubuhi nikikuja job."

Kaka akainuka kwenye mto wa kitanda. "Karibu na wapi?"

"Kwa Mnzava. Kila mtu anapajua. Sijui kama huyo Mnzava ni mtu ama ni jina tu ya place."

Alimwomba aseme tena. Dada wa watu akasema tena, akishangaa. Kaka akafunika uso kwa shuka akalia, halafu akanitazama kwa lile tabasamu lake la ushindi. Nilifurahi, Mungu ananiona. Na wivu ulinishika palepale kitandani pa mgonjwa, hata Christina akauona: "Eliakim, jamani, hata leo?"

Jioni ile alibadili wosia wake, akaagiza azikwe hapahapa Minnesota. "Nikizikwa nyumbani," alisema, "watu wataulizana, amezikwa wapi? Na jibu mnalijua." Wazee wa ukoo walikasirika, na huenda hawajatusamehe. Lakini tumemtii.

Alituaga asubuhi ya tarehe 9 Aprili 2009, mikononi mwa mkewe. Ameacha mjane, Christina. Watoto wawili, Timothy na Natasha. Mama yetu Philister, aliye Vudee. Mimi mdogo wake. Na wengi waliolala besmenti.

Chakula baada ya maziko nilijitolea kiwe kwangu, penye nafasi na maegesho. Nilishindwa kwa kura zote. Natasha alipokuwa akichapa ratiba hii alitaka kuweka anwani kamili: "Mom, people need the address." Mama yake akamwambia, "Andika kwa Mnzava, inatosha."

Basi tukutane huko. Hakuna bango, na hakuna atakayepotea.

Pumzika kwa amani, kaka. Umefika kwa baba.