Nilimfungia Mama Geti kwa Sababu ya Bloku ya Injini

Asifiwe Bwana! Ndugu zangu, mniwie radhi, leo sikuja kushuhudia kwa upole. Nimekasirika. Hasira yenyewe nimeiombea wiki mbili ikakataa kutoka, basi nimekuja nayo hivyo hivyo mbele za Mungu.

Mimi ni Mutuma, fundi wa injini hapa Embu. Naishi mtaa wa Dallas, hapa hapa mjini, lakini nyumbani ni Kanyakine, kwa mama. Kazi yangu ni kufungua injini iliyochoka na kuivua kila kitu mpaka ibaki bloku tupu, lile pande kubwa la chuma lenye silinda. Bloku naipeleka kwa fundi wa leth, mashine ya kuchonga chuma, azichonge silinda upya, na ikirudi naijenga. Nilikuwa najisifu sana! Bloku yangu ilifika kwa leth imeoshwa kwa dizeli na kupigwa brashi hadi inang'aa, watu wakidhani ni mpya.

Kisha injini zikaanza kunifia. Lori la mbao lilirudi likigonga kabla mwezi haujaisha. Gari la mwalimu likafuata. Halafu pikapu ya miraa ikakwama ikitoka Kangeta na mzigo, miraa yote ikanyauka, na mwenyewe akaja kunitukana mbele ya wateja. Kila nikifungua nakuta beringi zimekwaruzwa, nami nasema hizi ni beringi feki, naweka nyingine. Wateja wakaanza kupita mlango wangu kama hawanijui.

Ndugu zangu, mtu mwenye akili angetafuta kinachokwaruza. Mimi nilitafuta mchawi!

Jirani aliniambia hiyo ni kirumi, laana ya mzazi. Akanikumbusha kwamba mama alilia nilipoacha shamba la chai nikaja mjini kushika spana. Akanipeleka kwa nabii mmoja, jina lake sitalitia kinywani. Nabii akafumba macho akasema mkono wa mama yangu umo ndani ya zile injini. Nisile chakula chake. Asikanyage kwangu. Akaja mpaka karakana, na bloku ya ile pikapu ilikuwa ndiyo imerudi kutoka kwa leth, akaimwagia maji ya chumvi ya maombi. Maji ya chumvi, ndugu zangu! Juu ya silinda zilizotoka kuchongwa! Kesho yake zilikuwa nyekundu kwa kutu, na yeye akasema ile ni damu ya agano inatoka. Na mimi, fundi wa miaka kumi na moja, ninayejua kutu ni kutu, nikasema amina.

Wiki hiyo hiyo mama akaja kutoka Kanyakine. Amebeba kikapu, na ndani mukimo, vile viazi vya kupondwa na mahindi, bado ina joto kwa sababu aliifunga na leso mbili. Nilisimama ndani ya geti nikamwambia arudi. Sikugusa hata kufuli. Aliweka kikapu chini, akaniangalia, akakichukua tena akaenda. Hakuuliza kitu. Hilo ndilo linaloniuma nikilala na nikiamka.

Sasa silinda zina kutu, hazifai, ikabidi nirudishe bloku kwa Mzee Njeru wa leth, nikamweleza na maneno ya nabii. Aliizungusha, akaniangalia juu ya miwani.

"Mutuma, hivi vizibo vya njia ya oili, huwa unavitoa?"

"Huwa vinakataa, mzee. Lakini nimeosha, ona vile inang'aa."

"Inang'aa nje. Huku ndani umeosha na nini?"

Ndani ya bloku kuna njia nyembamba za oili, na kila moja imezibwa mwisho kwa kizibo cha nyuzi, kinachokazwa kama skrubu. Fundi anatakiwa avitoe vyote kabla ya kupeleka bloku leth, apitishe brashi ndefu, na ikisha kuchongwa aoshe tena. Mimi vikinisumbua nilikuwa naviacha. Miaka kumi na moja! Mzee Njeru akapasha kizibo moto kwa gesi, akakigusisha mshumaa, nta ikayeyuka ikaingia kwenye nyuzi, akakifungua taratibu na spana. Akaingiza waya. Likatoka tope jeusi lililojaa chenga za chuma, akanipakulia kiganjani.

"Oili inabeba hii mpaka kwa beringi," akasema. "Sasa nionyeshe hapa mkono wa mama yako uko wapi."

Ndugu zangu, nililia pale kwa leth kama mtoto, na mashine zinanguruma! Mungu alinifungua macho kwa waya na mshumaa. Na bado nina hasira! Nina hasira na nabii anayeona mkono wa mama ndani ya chuma na haoni uvivu wa fundi aliyesimama mbele yake. Nina hasira zaidi na Mutuma.

Jumamosi nilienda Kanyakine. Nilimkuta mama anakatia ng'ombe nyasi. Nikapiga magoti kwenye matope nikamwambia yote, kirumi, nabii, kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho na panga mkononi. Kisha akauliza kwa Kimeru kitu kimoja tu:

"Na siku hiyo, mwanangu, ulikula nini?"

Nilichukua panga mkononi mwake nikamalizia kukata nyasi.

Namshukuru Mungu aliyenitoa katika uongo huu mama yangu akiwa hai. Pikapu inatembea Kangeta na haigongi. Sasa nakuomba wewe uliyekaa hapo, mwamini Mungu aliye kweli, usimwamini anayekuuzia adui kutoka nyumbani kwenu. Na kama kuna mama, au dada, au yeyote uliyemfukuza kwa sababu ya neno la mtu aliyefumba macho, usingoje kuombewa. Usingoje sadaka. Simama utoke sasa, umwendee angali anapumua. Sisi tutaendelea kuimba. Nenda!