Paka wa Shemeji na Viroboto Wake

Kijiwe chenyewe ni benchi refu mbele ya duka la kinyozi, mguu mmoja umeinuliwa kwa tofali. Siku hiyo fundi saa, ambaye wote humwita Sekunde kwa kuwa huomba asubiriwe sekunde moja kisha akapotea nusu siku, alifika amekumbatia kapu lenye kifuniko. Ndani ya kapu kitu kilikuwa kikinguruma. Asubuhi binti yake alikuwa amewaonyesha yeye na mkewe mgongo wa mtoto wake mchanga, umejaa alama za kuumwa, akasema jioni akirudi kazini asimkute yule paka. Mke wa Sekunde aliinuka. Aliingia chumbani akafunga mlango. Paka huyo mke aliachiwa na marehemu mama yake, aliyemwambia tu, “Mtunze.” Sekunde alisimama nje ya mlango, akasikia mkewe analia polepole mpaka usingizi ukamchukua. Ndipo akamnasa paka kwenye dirisha la jikoni na kutoka mbio.

— Jamani, niokoeni, alisema. Huyu ana viroboto. Dawa za dukani naziogopa, nasikia nyingine ni za mbwa, paka ukimpaka anakufa. Nataka dawa ya nyumbani.

— Mafuta ya taa, alisema kinyozi papo hapo. Kidogo tu.

— Ajilambe afe? alidakia fundi bomba, ambaye jina lake kijiweni ni Koki. Kitunguu saumu! Kiroboto hapatani nacho kabisa.

— Nacho ni sumu kwa paka, alisema Profesa bila kuinua macho kwenye simu. Profesa hajawahi kufundisha mtu. Jina alilipata siku aliyonunua miwani. 

— Hapa wanasema siki, aliendelea. Ngoja... hapa chini wanasema siki haiui. Huyu anasema inawafukuza.

— Inawafukuza waende wapi? aliuliza Sekunde.

— Hajasema.

Sekunde alimeza kahawa aliyomiminiwa kutoka birika la kinyozi, ikamuunguza ulimi.

— Mimi nina njia bila dawa, alisema kinyozi. Mtetemo. Kiroboto anachukia mtetemo. Mashine yangu inanguruma kutwa nzima, umewahi kuona kiroboto humu?

— Wewe umewahi kuona paka humu? alisema Profesa.

— Sikilizeni, alisema Koki. Kiroboto anafuata damu tamu. Mshindisheni njaa paka siku tatu, damu ipungue, wahame wenyewe.

— Wahamie kwa nani? Si kwa mjukuu wangu? alisema Sekunde.

Kichwa kilikuwa kinamzunguka Sekunde: kila mmoja ana hakika, na kila hakika inafuta ya mwenzake.

— Basi tumwogeshe, alisema Koki kwa upole. Maji yakipanda, watakimbilia kichwani.

— Ndiyo! alisema Profesa, akainuka nusu. Imeandikwa hapa! Unaanza na povu shingoni, kama ukuta, wasipite. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo tone moja, halafu kitana chembamba.

Kinyozi alitoa beseni na kitana. Koki alimshika paka, akaparuliwa mkono mpaka kwenye kiwiko, hakumwachia. Profesa alisoma kwa sauti, akirudia mistari aliyokwisha kuisoma. Sekunde alichana taratibu, akachovya kitana majini, akachana tena. Vidoa vyeusi vikaanza kuelea kwenye povu.

— Wanatoka! alipiga kelele. Jamani, wanatoka!

Walipomaliza walimsuuza, wakamfunga kwa taulo la kinyozi. Sekunde alikuwa bado anamkausha paka masikio, mkewe akatokea kwenye kona, ndala ya kushoto si ya jozi moja na ya kulia.

— Karibu shemeji! alisema Koki, mkono unavuja damu. Kazi imekwisha. Paka wako hana hata mmoja!

Mke alimtazama paka. Akamtazama mumewe.

— Baba, wetu yuko kitandani. Nimeamka nikamkuta amenilalia miguuni. Huyu ni wa nani?

Kinyozi alimgeukia Koki. Koki alimgeukia Profesa. Profesa aliangalia simu, akaipekua juu, akaipekua chini, akaizima.

— Ana rangi ileile, alisema Sekunde kwa sauti ndogo.

— Huyu dume, baba.

Kinyozi alinyanyua birika ili apate la kufanya. Lilikuwa tupu.

Mke wa Sekunde aliinama, akachungulia beseni na vile vidoa vyeusi. Akanyoosha mkono.

— Nipeni hicho kitana. Na sabuni. Twende, kabla mwanao hajarudi.

Wakaondoka haraka. Nyuma yao paka asiye na mwenyewe alijikung'uta kutoka kwenye taulo, akawafuata hatua kwa hatua. Sekunde aligeuka akamfukuza, paka akakaa chini; akatembea, paka akatembea. Mpaka mlangoni Sekunde bado alikuwa akitafuta la kumwambia binti yake, aliyetaka paka mmoja aondoke.