Aliyesimamishwa Kuwasemea Watu wa Miono

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya ukoo nasimama kuwasomea maisha ya marehemu Bwanausi bin Rajabu, aliyezaliwa hapa Bagamoyo mwezi wa Machi 1915, mtoto wa pekee wa mzee Rajabu na Bi Chausiku, ambaye mama yake aliletwa pwani kutoka bara akiwa minyororoni, jambo ambalo marehemu hakulificha.

Alihitimu Kurani chuoni, akasoma skuli ya serikali toka 1925 hadi 1929, akajifunza useremala, akachonga milango na vitanda mjini, mpaka tarehe 4 Juni 1944 alipomwoa Bi Mwanaharusi binti Seleman wa Miono, akahamia huko akalima, wakajaliwa Dija na Mwaija.

Mwaka 1955 mashamba ya Miono yalitakiwa kwa mkonge, wanakijiji wakaambiwa wachague wa kuwasemea katika baraza, kila mtu asimame nyuma ya amtakaye, na tarehe 17 Septemba karibu kijiji kizima kilijipanga nyuma ya marehemu, kwa kuwa aliapa kuyatetea mashamba. Ndipo akainuka mtu wa nyumba kubwa, ambaye jina lake tunalisitiri kwa heshima ya msiba, akasema, "Leo mjukuu wa mtumwa wa babu yangu ndiye wa kutusemea?" Watu wakainamisha vichwa, wakaanza kutoka mstarini, wa kwanza mzee Seleman, mkwewe. Marehemu akamwita, "Baba, hata wewe?" Mzee akasema, "Mwanangu, nina mabinti wengine wa kuozesha," na nyuma ya marehemu akabaki mkewe peke yake.

Yule bwana wa nyumba kubwa akachaguliwa badala yake, akaingia barazani, akaridhia yote aliyoambiwa, na kabla ya masika mihogo yetu iling'olewa ingali michanga.

Marehemu alirudi Bagamoyo, akashika tena randa, ila mbele za watu hakunena tena, mpaka kifua kilipomlaza mwishoni mwa 1957. Tarehe 9 Februari 1958, kabla ya kukata roho, alimwambia mkewe, "Watoto wakikua, wakiitwa kuchagua, usiwaache waende." Bi Mwanaharusi alilia, hakuitikia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochimba kaburi, na mafundi seremala wenzake.

Bwanausi, Mola akupumzishe kwa amani. Sisi uliotuacha hatunayo.