Kipepeo wa Makumbusho

Benchi letu liko ubavuni mwa duka la vifaa vya ujenzi, hapo ninapokaa na sindano na gundi nikishona viatu vya watu. Wateja wangu wa kudumu hawana viatu vya kushona, wana midomo tu. Yupo Karani, aliyestaafu ofisi ya ardhi lakini bado anaongea kama anagonga muhuri. Yupo Redio, dereva wa pikipiki, ambaye mpaka leo hatujaona anazimiwa wapi. Na yupo Cheche, fundi wa kuchomelea mageti, mtu mpole kuliko kazi yake. Jumapili hiyo Cheche alikuja amefura. Akajimiminia kikombe cha kahawa kutoka kwenye chupa yangu, akakishika tu, hanywi.

— Vipi, msanii wetu hajambo? nikamuuliza.

Sote tulijua habari za binti yake wa miaka kumi na mmoja. Likizo hii alikuwa makumbusho, kwenye kambi ya sanaa ya watoto, wiki mbili nzima anachora na kufinyanga. Jana yake wazazi walialikwa kwenda kuona kazi zao.

— Hajala tangu jana, Cheche akasema. Kajifunika shuka gubigubi, hataki kuongea na mtu.

— Kulikoni tena?

— Alifinyanga sanamu ya mama yake.

Mke wa Cheche anapiga deki palepale makumbusho, mwaka wa tisa sasa.

— Siku nne yuko na udongo, Cheche akaendelea. Mama yake kapiga magoti, tambara mkononi, ndoo pembeni. Hadi nyufa za kisigino kazichora kwa njiti ya kiberiti! Usiku ananiambia, “Baba, kisigino ndicho kilichonitoa jasho.” Jana tunaingia ukumbini, nguo tumezipiga pasi, ananikokota mpaka kwenye meza yake. Sanamu haipo. Pale pana kipepeo wa karatasi, mabawa yanang’aa, na chini yake kuna kikaratasi chenye jina la mwanangu.

— Kipepeo kafuata nini pale? Redio akauliza.

— Wamemkata walimu wenyewe! Mtoto hajamgusa hata kwa kidole. Akaja mkuu wa kambi, meno yote nje. Eti, “Ile tumeiweka pembeni kidogo. Wageni wetu wanapenda vitu vya furaha. Wakimwona mtu yuko chini sakafuni watajisikia vibaya.”

— Na shemeji alikuwa wapi? nikauliza.

— Kwenye zamu. Hatua tano kutoka hapo. Kapiga magoti, anafuta juisi iliyomwagwa na mtoto wa mgeni.

Redio akalipiga benchi kofi mpaka misumari yangu ikaruka.

— Wameiuza! Nawaambieni, wameiuza! Saa hizi iko kwenye ndege, imefungwa pamba!

— Punguza sauti, Karani akasema, ingawa yake ilikuwa juu zaidi. Hawajaiuza. Wameifukia. Nimefanya kazi serikalini miaka thelathini na moja, nazijua njia zao. Watakuja kuifukua wajukuu zao, waiweke kwenye kioo, waandike “Mwanamke wa kale akifanya ibada”!

— Ibada na ndoo? Redio akauliza.

— Wataiita chombo cha sadaka!

— Basi hata vile vyungu vya kale mle ndani ni uongo! Redio akasimama kabisa. Vimefinyangwa na watoto wa darasa la tano! Kila likizo wanawakusanya watoto wetu, wanawapa udongo na biskuti, kisha tunaambiwa vina miaka elfu mbili!

— Na lile fuvu la mtu wa kale? nikauliza.

— Plasta tupu!

— Mimi nitaandika barua, akasema Karani. Nakala saba. Ya kwanza kwa mkurugenzi.

— Barua ya nini! Nawaita wenzangu, pikipiki hamsini getini, tunapiga honi mpaka vioo vyao vipasuke!

Hata mimi nilipandwa na hasira. Nilisema, na sioni haya, kwamba mkuu huyo akiniletea kiatu chake nitakishona na mguu ndani.

— Basi! Cheche akapaza sauti, kahawa ikamwagika kwenye suruali yake. Basi jamani.

Sijawahi kumsikia akipandisha sauti namna ile.

— Hamjaniuliza mimi nilifanya nini.

— Ulifanya nini?

— Nilisema asante. Alinipa mkono, nikaupokea. Wakatupanga tupigwe picha, mimi na binti yangu, kipepeo katikati. Mpiga picha akasema tutabasamu. Nikatabasamu. Mwanangu akaniangalia, akamwangalia mama yake kule chini, akaniangalia tena. Wewe Redio una pikipiki hamsini. Mimi nilikuwa na mdomo mmoja tu, na nikaufungua nikasema asante.

Karani akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Redio akakaa.

Hapo ndipo nilipomwona mama mmoja amesimama kando yangu, ndala mkononi, ukanda umekatika. Simjui. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu saa ngapi.

— Samahanini, akasema. Nimesikia yote, maana mnapiga kelele. Hiyo sanamu ya mtoto sasa hivi iko wapi?

Karani akanitazama, mimi nikamtazama Cheche.

— Pembeni, Cheche akasema polepole. Walisema wameiweka pembeni.

— Pembeni wapi?

Cheche akakiweka kikombe juu ya benchi, na kabla mama yule hajanikabidhi ndala yake, alikuwa ameshavuka barabara, anatembea kwa kasi kuelekea makumbusho, suruali imeloa kahawa.