Bedan Mbugua, Mgawaji wa Nauli ya Uwanja wa Ndege

Wachungaji, wazee wa mtaa, jamaa na majirani wa Kitengela, mimi ni Ngugi, na familia imenituma niwasomee maisha ya ndugu yangu mkubwa, Bedan Mbugua, ingawa kusema kweli kuna sehemu nitakazozisoma bila kuzielewa.

Bedan alizaliwa tarehe 14 Mei 1969 mjini Ngong, akiwa kifungua mimba wa wazazi wetu, akasoma shule ya msingi huko huko, akamaliza sekondari Kajiado mwaka wa 1987, kisha akasomea uhasibu Nairobi. Tarehe 7 Desemba 1996 alifunga ndoa kanisani na Waruguru, aliyeketi hapa mbele, na Mungu akawajalia binti, Cate.

Kazi yake ndiyo inayonitatiza. Tangu mwaka wa 2018 aliajiriwa na kampuni ya treni inayopeleka abiria hadi stesheni iliyo karibu na uwanja wa ndege, ambapo basi la kampuni nyingine huwapokea na kuwafikisha, kwa tikiti moja tu, na Bedan ndiye aliyegawa nauli hiyo, fungu la treni na fungu la basi. Kila mtu huvutia kamba kwake, yeye aliishika katikati, basi wenye treni wakamwona ni mtu wa basi, wenye basi wakamwona ni mtu wa treni, na nyumbani Waruguru, ambaye teksi yake hupeleka watu uwanja huo huo, akamuuliza kwa nini anamnyang'anya wateja huku akila ugali wake. Nami nilimuuliza yuko upande gani, akacheka, akasema tu kwamba basi hulipwa kwa kubeba, halilipwi kwa kungoja, kwa hiyo halimngoji mtu.

Agosti 2024 alipatikana na saratani ya ini, akatibiwa Nairobi, baadaye India, akarudi tarehe 3 Machi 2025. Waruguru alikwenda na teksi kumpokea uwanja wa ndege, akasimama mlangoni, simu akiwa ameisahau garini, lakini mgonjwa wetu akatokea mlango mwingine, akapanda basi, na baadaye Waruguru akamfuata, akamkuta stesheni. Walirudi Kitengela, Waruguru akiamini mumewe amechagua treni hata katika ugonjwa, na tarehe 21 Machi, hospitalini hapa Kitengela, Bedan akatuaga, jambo hilo likiwa halijazungumzwa.

Juzi, kwenye maombi, Meitamei, kondakta wa basi lile, alitueleza kwamba Bedan alilipia viti viwili, akampigia mkewe simu mara kadhaa, akamsihi dereva angoje kidogo, maana alitaka kusafiri na mke wake kwa treni walau mara moja maishani, lakini dereva akaondoa basi, Bedan akiwa ndani, na kiti cha pili kikiwa kitupu. Teksi wangeiacha na nani, sijui, na kwa nini hakumwambia mkewe, hilo pia sijui.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia wiki nzima, na wenzake wa treni, wa basi na wa teksi, ambao tangu asubuhi wanabishana nani aongoze msafara, na bado hawajaelewana.

Pumzika kwa amani, Bedan, mkeo sasa anajua kwamba ulimngojea.